Urekebishaji wa matumizi ya umeme katika majengo

Urekebishaji wa matumizi ya umeme katika majengo ni utaratibu wa kupunguza, kuongeza au kuhamishia saa nyingine matumizi ya umeme katika nyumba, shule, hospitali, hoteli na viwanda kulingana na hali ya gridi. Ni mojawapo ya misingi ya gridi janja, yaani gridi ambamo mzalishaji na mtumiaji hupashana habari kwa mita na mitambo ya mawasiliano.

Sababu

Umeme wa gridi hutumika papo hapo unapozalishwa. Mahitaji yakizidi uzalishaji, masafa ya umeme, ambayo Afrika Mashariki ni hezi 50, hushuka. Yasiporekebishwa, baadhi ya wateja hukatiwa umeme. Mahitaji ya majumbani hupanda jioni, taa na televisheni zinapowashwa kwa pamoja.

Namna unavyofanyika

Vifaa vinavyofaa ni vile vinavyoweza kutunza kazi iliyokwisha kufanyika: tangi hutunza maji, hita ya maji hutunza joto, friza hutunza baridi na betri hutunza umeme. Kwa mfano, huko Kemondo, bandari ya Ziwa Viktoria iliyo kusini mwa mji wa Bukoba, shule iliyo mlimani yaweza kujaza tangi lake usiku wa manane badala ya saa 2 usiku. Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 100 huhitaji angalau kilowati-saa 0.27 saa yoyote ile. Hivyo kuhamisha matumizi si sawa na kubana matumizi: uniti ni zilezile, ila gridi hupunguziwa mzigo inapoelemewa.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu au kwa swichi yenye saa. Katika gridi janja, mita au kompyuta ya jengo hupokea ujumbe na kuzima pampu yenyewe.

Mkoani Kagera

Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zilitegemea umeme kutoka Uganda, unaoingia kupitia kituo cha Kyaka. Panapokuwa na njia ndefu, watumiaji wengi wakiwasha vifaa kwa wakati mmoja, volteji hushuka kwa walio mwishoni. Kwa hiyo uzalishaji mkubwa, kama wa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hauondoi peke yake tatizo la njia iliyoelemewa.

Bei

Nchini Uganda wateja wa biashara na viwanda hulipa zaidi nyakati za jioni, na hupata nafuu usiku wa manane. Kenya ilianzisha nafuu ya usiku kwa viwanda na biashara mwezi Desemba 2017. Nchini Tanzania wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia kiwango cha juu cha mahitaji yao kwa mwezi, lakini uniti ya LUKU ya nyumbani haibadiliki bei kwa saa. Hivyo mwenye nyumba anayesubiri usiku hapati nafuu yoyote, ingawa jirani zake hunufaika.

Mipaka

Si kila matumizi yanaweza kuahirishwa. Chumba cha upasuaji, mashine za oksijeni na taa za wodi ya wazazi huhitaji umeme wakati wote. Jengo likipangiwa vizuri, pampu na hita huzimwa kwanza ili huduma hizo zisiguswe.