Sanamu ya Kimathi: shujaa mwenye mnara ila hana kaburi

WAKAZI wa Kihoto, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, wanaishi mahali ambapo jina lake kwa Kikikuyu lina maana ya haki. Mkazi wa huko anayetaka kuona jinsi taifa lilivyojaribu kumtendea haki mmoja wa mashujaa wake hana budi kusafiri takriban kilomita 90, apande ukingo wa Bonde la Ufa hadi katikati ya jiji la Nairobi.

Hapo, katika makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina, imesimama sanamu ya Dedan Kimathi Waciuri, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Ni sanamu ya shaba nyeusi yenye kimo cha zaidi ya mita 2, kazi ya mchongaji Mkenya Kevin Oduor. Kimathi amevalia mavazi ya kivita, na nywele zake ni zile ndefu zilizosokotana za watu wa msituni. Mkono wa kulia ameshika bunduki na wa kushoto ameshika kisu.

Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2006. Rais Mwai Kibaki aliizindua sanamu hiyo tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi aliponyongwa.

Kimathi alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka wa 1920. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, aliingia katika msitu wa Nyandarua. Vita hivyo havikuipita Naivasha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha mji huo, wakatwaa silaha na kuwafungulia mahabusu.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 baada ya kupigwa risasi mguuni. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akahukumiwa kifo, na kunyongwa katika gereza la Kamiti. Mkewe, Mukami, ambaye pia alikuwa mfungwa, aliruhusiwa kuonana naye kwa mara ya mwisho. Maiti ilizikwa humo gerezani, na familia haikuonyeshwa kaburi.

Picha ya Kimathi iliyoenezwa zaidi wakati huo ilimwonyesha amelazwa chini, mikono ikiwa na pingu. Ndivyo wakoloni walivyotaka akumbukwe. Atazamaye sanamu ya Nairobi na akaikumbuka picha ile huona mara moja kilichobadilika: mtu aliyelazwa amesimamishwa, na silaha alizonyang'anywa amerudishiwa.

Hata hivyo, heshima hiyo ilichelewa. Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963, na barabara iliyoitwa Hardinge ikapewa jina la Kimathi. Lakini sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka wa 2003. Kwa miongo kadhaa, Wakenya walipita katika barabara yenye jina la shujaa ambaye kundi lake, kisheria, lilikuwa bado haramu. Nelson Mandela alipozuru Nairobi Julai 1990, alimtaja Kimathi hadharani miongoni mwa waliompa moyo katika mapambano yake.

Kuiona sanamu hii hakuna kiingilio wala saa maalumu, maana iko barabarani. Mgeni atokaye upande wa Moi Avenue ataanza kwa kuiona sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa Oktoba 2011 karibu na mahali waziri huyo alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Kisha atafuata barabara ya Mama Ngina mwendo mfupi tu. Asubuhi mapema ni bora, kabla wapita njia hawajawa wengi.

Mwenye muda na aendelee hadi bustani ya Uhuru, kwenye mnara wa wahanga wa mateso ya enzi za ukoloni, uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 kwa fedha za Uingereza. Miaka miwili kabla, serikali ya nchi hiyo ilikuwa imekubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228. Mnara huo unaonyesha mwanamke akimkabidhi mpiganaji chakula. Kila mmoja ametazama kando, ili hata akiteswa asiweze kumtaja mwenzake.

Nchi nyingi hujenga mnara pale shujaa alipozikwa. Kwa Kimathi haikuwezekana. Mukami aliomba kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike nyumbani. Alifariki Mei 2023 bila kutimiziwa ombi hilo, akazikwa Njabini, Kinangop, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Naivasha.

Kwa hiyo anayesimama mbele ya shaba ile asidhani kwamba deni limelipwa. Sanamu imempa Kimathi mahali pa kuonekana na kila mtu. Mahali pa kumlilia, ambapo ndipo jamaa zake walipopaomba, bado pamo ndani ya kuta za Kamiti.