Akina Juma Si Ukoo

Jina langu la tatu ni Juma, na kwa sababu hiyo nimepewa ndugu wengi nisiowajua. Tangu Profesa Ibrahim Hamis Juma alipokuwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 2017, kila nikijaza fomu mahali hakosekani mtu wa kunitania: "Kumbe mtoto wa Jaji Mkuu!" Wazee wa Zanzibar huniuliza kama nina uhusiano na Dk. Omar Ali Juma, Makamu wa Rais aliyefariki akiwa madarakani Julai 2001. Wakenya niliosoma nao chuo walitaka kujua kama Calestous Juma, yule profesa wa Harvard, ni mtu wa kwetu. Majibu ni hapana, hapana na hapana.

Ukoo una babu mmoja. Sisi akina Juma tuna mababu maelfu, na kilichotukutanisha ni siku ya Ijumaa na kalamu ya karani.

Tuanze na siku. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kukusanya, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku waumini wanapokusanyika kwa sala ya mchana. Mzizi huo huo umetuzalia jamaa, jamii na jumuiya. Nyerere alipoiita siasa yake ujamaa, alichota maji kwenye kisima hicho hicho. Kiswahili nacho kiliipenda siku hii kiasi cha kuhesabia wiki kuanzia kwake: Jumamosi ni ya kwanza baada yake, Jumapili ya pili, hivyo hivyo hadi Jumatano, ya tano. Kisha tunarudi kwenye Kiarabu na kupata Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano. Wiki yetu ina siku mbili za tano, na wiki yenyewe tunaiita juma.

Kumwita mtoto kwa siku aliyozaliwa ni desturi ya watu wengi. Kwetu mvulana wa Ijumaa ni Juma, msichana ni Mwajuma, na wapo akina Khamis, Jumanne na Jumapili. Kwa Waakani wa Ghana, mvulana wa Ijumaa ni Kofi. Kofi Annan alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa kweli. Kwa hesabu hiyo, Umoja wa Mataifa uliongozwa miaka kumi na Juma wa Kumasi.

Jina hubadilika sura kila linapofika. Cairo, ambako herufi ya mwanzo hutamkwa g, jina letu ni Gomaa: Sheikh Ali Gomaa alikuwa Mufti wa Misri kuanzia 2003 hadi 2013. Dubai kuna kituo kinachohifadhi miswada ya kale, chenye jina la mwasisi wake, Juma Al Majid. Burundi na Kongo, makarani waliofundishwa Kifaransa waliongeza d mbele. Masoud Djuma, kocha Mrundi ambaye mashabiki wa Simba wanamkumbuka kama kocha msaidizi, ni Juma huyo huyo aliyepitia tahajia ya Wabelgiji.

Lakini hadi hapo bado ni jina la mtu, halijawa la familia. Pwani na visiwani, jina kamili lilikuwa sentensi fupi. Omar Ali Juma, kwa utaratibu wa Zanzibar, husomeka Omar, mtoto wa Ali, mjukuu wa Juma. Kila kizazi kikija, jina moja huongezwa mbele na moja hudondoka nyuma, kama watu kwenye foleni. Ibrahim Hamis Juma husomeka vivyo hivyo, na ukilitazama vizuri utaona ni jina lenye Alhamisi na Ijumaa zikifuatana kama kwenye kalenda.

Magazeti ya nje yalijikwaa hapa Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa. Mengi yalimwandika "Rais Hassan". Nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Ni Rais Samia, au Mama Samia, kwa sababu Samia ndiye yeye. Suluhu ni baba yake, na Hassan ni mzee wa nyuma zaidi. Jina la mumewe halimo kabisa, maana kwa desturi hii mwanamke haolewi na jina.

Foleni hii husimama familia inapopata umaarufu. Kwa hesabu ya zamani, mtoto wa Ali Hassan Mwinyi angekuwa Hussein Ali Hassan. Tunamjua kama Hussein Ali Mwinyi. Mtoto wa Abeid Amani Karume angekuwa Amani Abeid Amani, lakini aliingia ikulu kama Amani Abeid Karume. Jina lililokuwa njiani kudondoka likaganda, likawa ubini. Familia hizo mbili zina sababu ya kulishikilia. Sisi wengine kilichotugandisha ni fomu: visanduku vitatu, na mtu nyuma ya dirisha anayesema, "Jina la ukoo je?"

Calestous Juma ni mfano mzuri. Alizaliwa mwaka 1953 na kukulia ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Alifundisha shule ya msingi Mombasa, akaandika habari za sayansi katika gazeti la Daily Nation, akaanzisha kituo cha utafiti wa sera za teknolojia Nairobi mwaka 1988, akaongoza sekretarieti ya mkataba wa kimataifa wa bioanuwai, kisha akafundisha Harvard hadi alipofariki Desemba 2017. Baba yake, seremala, aliitwa John Juma Kwada. Jina linalosomeka kwenye majalada ya vitabu vya mwanawe ni lile la katikati la fundi huyo. Kwada halikwenda Harvard. Tazama pia lilivyochanganyika: Calestous na John ni majina ya Kikristo, na katikati yake imekaa siku ya sala ya Waislamu, iliyopanda kutoka pwani hadi ziwani bila mtu kuiuliza dini yake.

Kinyume chake ni Juma Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka ule wa kwanza alizidiwa kwa sekunde moja tu. Kwake Juma lilikaa mbele, na dunia ikamjua kwa Ikangaa. Mmoja wao alijulikana kwa jina la siku, mwingine siku ilibaki kuwa yake binafsi. Tofauti ni kisanduku.

Kuna upande wa jina hili ambao hauzungumzwi sebuleni. Katika karne ya 19, mateka walioletwa pwani kutoka bara mara nyingi walivuliwa majina ya kwao na kupewa mapya: ya vito kama Almasi na Feruzi, ya heri kama Mabruki na Baraka, ya siku kama Juma na Khamis. Waungwana nao waliwaita watoto wao Juma, kwa hiyo jina peke yake haliwezi kumshtaki wala kumtetea mtu. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Aliyeachwa huru alihitaji jina la kuandikwa, na aliyeuzwa akiwa mtoto mdogo hakuwa na baba wa kumtaja. Ndiyo maana kwenye baadhi ya nyumba, ukiuliza, "Juma huyo alikuwa mtoto wa nani?" mtu anakohoa na chai inaongezwa.

Watu waliosoma riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719 wanakumbuka Robinson Crusoe alivyomwokoa mtu kisiwani na kumwita Ijumaa, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Hakumuuliza jina lake. Tulipoisoma shuleni darasa zima liliona ni jambo la kawaida, na nusu yetu tulikuwa tumeketi pale na majina ya siku.

Babu yangu mzaa baba hakuwa mtumwa, lakini alipata Ijumaa yake kwa njia inayofanana. Alizaliwa Nzega, Unyamwezini, wakati wa masika, akaitwa Mabula, yaani mtoto wa mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda Tanga kukata mkonge. Wakati huo mashamba ya mkonge yalivuta vijana kutoka bara kwa maelfu, na watu wakawaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Alipewa namba na kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Shangazi yangu mkubwa ndiye mwenye hadithi hii. Anasema karani wa shamba alisikia "Mabula", akaona taabu, akatazama kalenda ukutani, akaandika Juma. Miaka michache baadaye babu aliposilimu huko Muheza, hakuhitaji kutafuta jina. Alikuwa nalo tayari.

Ningependa kusema alinung'unika. Shangazi anasema alilipenda. Mabula alikuwa kijana anayechunga ng'ombe wa baba yake. Juma alikuwa na mshahara, na baada ya muda akawa na baiskeli, mke na ekari sita za shamba nje kidogo ya Muheza. Aliporudi Nzega kusalimia, mama yake alimwita Mabula, naye aliitika. Maisha yake yote aliitika kotekote.

Karatasi hazikuweza. Baba yangu alisomea Muheza, akaandikwa kwa ubini wa Juma. Baba mdogo alilelewa na bibi yake Nzega, akaandikwa Mabula. Babu alipofariki, watoto wake walikwenda mahakamani kufungua mirathi, na kwenye meza ya hakimu walionekana kama watu wa koo mbili wanaogombea shamba la marehemu mmoja. Ilibidi wazee wawili wapande basi kutoka Nzega kuja kuapa kwamba Juma wa Muheza ndiye Mabula wao. Mmoja aliapa kwa Kinyamwezi na mwingine akamtafsiria. Jambo hilo lilichukua miezi 14. Bibi yangu, aliyelilima shamba lile tangu lilipokuwa pori, alifariki mwezi wa tisa, likiwa bado linasubiri jina.

Kwa hiyo ninaposoma orodha za watu mashuhuri wanaoitwa Juma, hutazama kile kilichoachwa nje ya orodha kuliko kilichomo. Nyuma ya Juma mmoja kuna Kwada. Nyuma ya mwingine kuna mvua za Nzega. Nyuma ya mwingine kuna jina la Kiyao au Kimanyema ambalo hakuna aliye hai anayelikumbuka. Jaji, mwanasayansi na mwanasiasa wanaweza kusimama mstari mmoja kwenye orodha ya alfabeti, na kila mmoja akawa amefika hapo kwa barabara yake.

Mwaka jana kaka yangu alipata mtoto wa kiume. Shangazi alipiga simu siku hiyo hiyo: safari hii kisanduku cha tatu kiandikwe Mabula. Familia iligawanyika. Baba alisema jina lililomsomesha ni Juma na halijamkosea mtu. Mke wa kaka aliuliza mtoto ataelezaje shuleni kwa nini ubini wake haufanani na wa baba yake. Mimi nilisema, nusu kwa utani, kwamba Mabula wamejaa kanda yote ya ziwa. Angelina Mabula aliwahi kuwa waziri wa ardhi, na mtoto huyu atakua akiulizwa kama waziri huyo ni bibi yake. Kukimbia akina Juma ni kuhamia kwa akina Mabula, ambao nao wengi wao hawana undugu. Mvua hunyesha kila mahali.

Shangazi alisikiliza wote, kisha akasema anachotaka yeye ni kitu kimoja: mtoto akiuliza, awepo mtu wa kumjibu.

Kaka aliandika Mabula. Mhudumu dirishani aliitazama fomu, akatazama kitambulisho cha baba mtoto, akasema majina hayalingani, alete hati ya kiapo. Kaka alinipigia simu akiwa bado kwenye foleni. Nilimwambia asiondoke. Kiapo tunacho, kile cha shamba, chenye alama za vidole za wazee wawili wa Nzega. Nikaenda kukitoa nakala.