Bibi Zetu Walisimulia

Akina mama wa mtaa mmoja wa usharika wetu hapa Itumba hukutana kila Alhamisi alasiri. Walianza kwa ajili ya hisa. Sanduku lao lina kufuli tatu, na kila ufunguo unatunzwa na mama tofauti. Mmoja wa hao watatu anakaa mbali, ng'ambo ya kilima, na mvua ikinyesha huchelewa hata saa nzima. Katika saa hizo za kumngoja mwenye ufunguo ndipo mazungumzo yalipoanza. Mmoja alieleza jinsi alivyoolewa, mwingine alivyofiwa na watoto wawili mwaka mmoja, mwingine alivyovuka mpaka na mzigo wa maharage kichwani. Baada ya miezi kadhaa ikawa ni desturi: kila Alhamisi mama mmoja anasimulia maisha yake tangu utoto, na wenzake wanasikiliza bila kumkatiza.

Pamoja na hayo wakajaribu kazi mpya. Sabuni ya maji, kukamua alizeti, halafu nyuki. Hili la nyuki lilileta maneno, maana kwetu mizinga ilikuwa ya wanaume, na wazee wawili waliniuliza kama nimekubali mama zao wapande miti. Niliwajibu kwamba mizinga ya siku hizi inakaa chini, juu ya vigingi. Mwaka wa kwanza siafu walimaliza makundi mawili. Mwaka wa pili asali ilipatikana, na madumu mawili yaliletwa kwenye mnada wa sadaka ya mavuno.

Shida haikutokana na nyuki. Ilitokana na simulizi.

Alhamisi moja mama mzee, aliyepita miaka themanini, alisimulia habari za bibi yake, mama wa mama yake. Alisema bibi huyo hakuzaliwa katika ukoo waliomkuta nao. Aliletwa akiwa mtoto, akawekwa rehani kwa deni la watu wake, na deni lile halikulipwa kamwe. Akakua, akapewa mume humo humo, akazaa. Alizikwa akiwa bado anaitwa "mtoto wa kuja". Ukoo uliompokea bado upo, na watu wake ni washarika wenzetu. Jumapili wanakaa benchi la tatu kutoka mbele.

Siku mbili baadaye mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kwangu jioni. Akasema, "Baba Mchungaji, mambo haya yafunikwe. Yatatugawa." Nikamwona ana busara. Nilimwendea yule mama, nikamweleza kwa upole kwamba kikundi ni cha maendeleo, basi wabaki kwenye mizinga na hisa. Nilimtajia hata amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, kana kwamba alikuwa amesema uongo. Mama aliitikia, "Haya, Mchungaji." Alhamisi tatu zilizofuata hakuja.

Naandika makala hii kwa sababu ya zile Alhamisi tatu. Nilirudia vitabu vya historia nilivyosoma chuoni, nikakuta kwamba nilichomkataza mama yule ni jambo ambalo kanisa katika nchi hii limelifanya tangu mwanzo wake, na lililifanya kupitia wanawake.

Tuanze na nchi yenyewe. Ukanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikuwa njia. Wandali, Walambya, Wamalila, Wanyiha na Wanamwanga waliishi kando ya njia hiyo, na katika miaka ya 1870 na 1880 haikuwa njia ya amani. Wabemba walivamia kutoka kusini-magharibi. Merere wa Wasangu alikuwa na nguvu upande wa kaskazini. Kule Karonga mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Mlozi alijenga maboma yake, na mwaka 1887 watu wake wakawaua Wankonde wengi. Alikamatwa na kunyongwa na Waingereza mwezi Desemba 1895. Katikati ya hayo, tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walikubaliana mipaka wakiwa Ulaya, na mto wetu Songwe, ambao watu waliuvuka kwenda kuoa na kuzika, ukawa mpaka wa dola mbili.

Wanaume waliuawa zaidi. Wanawake na watoto walichukuliwa. Lakini wengine hawakutekwa vitani hata kidogo. Hapa ndipo simulizi la mama yetu linapofaa kueleweka. Mtu akifa na lawama ikimwangukia fulani, ilidaiwa fidia. Mtoto wa kiume akishikwa na mke wa mtu, fidia. Njaa ikiingia, chakula kilikopwa. Asiyekuwa na ng'ombe wala majembe alitoa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa binti. Aliwekwa rehani "mpaka tutakapolipa". Hakuitwa mtumwa siku ile. Aliitwa hivyo miaka ilipopita bila mtu kuja kumkomboa.

Mwaka 1891 wamisionari walifika Unyakyusa: Walutheri wa Misheni ya Berlin waliochukua upande wa mashariki, na Wamoraviani walioanza Rungwe na baadaye wakasogea magharibi hadi Utengule na Mbozi. Ng'ambo ya mpaka, karibu na ilipo Tunduma ya leo, Waskoti wa Livingstonia walifungua Mwenzo. Huko Kawimbe walikuwepo watu wa London Missionary Society. Vituo hivi vilijaa upesi wanawake wasiokuwa na kwao. Wengine walikombolewa kutoka misafara, wengine walitoroka usiku, wengine walikuwa wajane walioogopa kurithiwa. Tunapenda kuhubiri kwamba kanisa letu lilianzishwa na wachifu waliotoa ardhi na wamisionari waliokuja na Biblia. Ni kweli. Lakini watu walioishi uani mwa misheni siku zile za kwanza, waliopika na kulima na kujifunza kusoma, wengi wao walikuwa hao.

Alikuwepo mmisionari wa Kimoraviani jina lake Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi miaka mingi kati ya Wasafwa na kuandika kitabu kikubwa juu yao. Pamoja na kuandika mila na hadithi, alifanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifikiri: aliketi na wanawake wazee, akawaacha waeleze maisha yao wenyewe, akayaandika. Hivyo tunazo simulizi za bibi aliyeitwa Narwimba, na za mwingine ambaye jina lake limeandikwa kwa majina matatu, Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Miongo mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright, yule yule aliyeandika mwaka 1971 juu ya misheni za Wajerumani katika nyanda zetu za juu, alizikusanya simulizi hizo pamoja na nyingine katika kitabu kilichotoka mwaka 1993 juu ya watumwa na wanawake wa eneo hili na namna walivyopambana ili waishi.

Narwimba alinishangaza. Mumewe alipofariki alibaki na watoto na hakuwa na mtu wa kumkinga. Sisi tumezoea kusema kwamba mjane alirithiwa kwa nguvu, na mara nyingi ilikuwa hivyo. Lakini Narwimba ndiye aliyemwendea jamaa wa marehemu, akamwomba amrithi, ili yeye na watoto wake wapate ulinzi. Usomapo unaona mwanamke aliyehesabu: huku kuna hatari, huku kuna hatari kubwa zaidi, nichague. Maisha yake yote yalikuwa hesabu ya namna hiyo, ya kuwatafutia watoto na wajukuu wake mahali ambapo hawatachukuliwa.

Katika kitabu hicho hicho yumo mtoto wa Kibisa aliyeitwa Meli, aliyekombolewa kutoka msafara na kulelewa Kawimbe. Na yumo Bwanikwa. Huyu hakuwa wa kwetu, alikuwa Mluba kutoka Kongo, lakini simulizi lake ndilo lililonirudisha kwa mama yetu. Mmoja wa wake za baba yake alikufa, baba akadaiwa fidia ya watu. Akamtoa binti yake, akiahidi kurudi kumkomboa kwa mbuzi. Mbuzi hakuja. Msichana yule akapita mikononi mwa mabwana wengi. Mmisionari Dugald Campbell, aliyechapisha habari zake mwaka 1916, alisema aliuzwa mara kumi. Mwishowe akaolewa na mtu aliyekuwa amemnunua, wakawa Wakristo wote wawili.

Msomaji angetazamia habari iishe hapo. Ameokoka, ana mume, yuko misheni. Bwanikwa hakuona hivyo. Alijua kufinyanga vyungu. Akafinyanga, akauza, akaweka akiba, kisha akamwendea mume wake mwenyewe na kumlipa thamani yake, ili asiwepo mtu wa kusema tena, "Nilikununua." Akaendelea kuishi naye akiwa mke, si mali. Nimewahi kulieleza jambo hili katika semina ya wanandoa, na baadhi ya wanaume walicheka. Wanawake hawakucheka.

Sheria ilichelewa sana. Wajerumani walikataza uwindaji wa watumwa, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta mara moja. Waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kabisa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Hesabu basi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1890 angeweza kuwa na umri wa miaka thelathini na miwili siku sheria hiyo ilipopita, akiwa na watoto, na bila mtu wa kumsomea gazeti la serikali. Bibi wa mama yetu si hadithi ya zamani za kale. Mama yetu alikaa mapajani mwake.

Na sisi Walutheri tungepaswa kuwa wepesi kusikia mambo haya. Katharina von Bora, mke wa Martin Luther, aliwekwa katika nyumba ya watawa akiwa mtoto na akatoroka Pasaka ya mwaka 1523. Miaka miwili baadaye aliolewa. Pale Wittenberg alilima, alifuga samaki, alipika pombe ya kuuza, alipangisha vyumba kwa wanafunzi, akalisha meza nzima ambayo wanaume waliizunguka wakiandika kila neno alilotamka mumewe. Maneno yake yeye hayakuandikwa. Barua zake karibu zote zimepotea. Tunamjua kwa kile ambacho wengine walimsema, na nadhani tumepoteza sehemu ya habari za matengenezo ya kanisa kwa sababu hakuna aliyeketi naye kama Elise alivyoketi na Narwimba.

Katika Maandiko, Hajiri alikuwa kijakazi, tena mjamzito, tena mtoro. Malaika alipomkuta penye chemchemi jangwani hakuanza na amri. Alianza kwa kumwuliza atokako na aendako. Ibrahimu na Sara, watu wa imani, hatusomi popote kwamba walimwuliza hivyo. Na yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kupona, angeweza kwenda zake kimya. Marko sura ya tano inatuambia Bwana alisimama mpaka akaeleza kweli yote mbele ya mkutano. Yairo alikuwa akingoja, na mtoto wake alikuwa mahututi. Hata hivyo Bwana alimsikiliza yule mwanamke hadi mwisho. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa benchi la tatu, nikamnyamazisha mama wa watu.

Nilikwenda kwake siku ya Jumamosi. Nilimwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto, na hilo la radhi hakulijibu. Nilipokuwa nikiaga akasema, "Mchungaji, mimi sikutaka kumdai mtu. Nilitaka bibi atajwe."

Alhamisi iliyofuata alirudi, na mwenye ufunguo alichelewa kama kawaida. Alimaliza simulizi lake. Alitaja jina la bibi yake, mlima alikotoka ng'ambo ya Songwe, na kitu alichodaiwa baba yake: majembe mawili. Mama mmoja wa ule ukoo wa benchi la tatu alikuwepo, maana naye ana hisa. Wenzake waliniambia alikaa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwamba kwao nyumbani kulikuwa na jembe la kale la chuma ambalo watoto walikatazwa kuligusa, na hakuna aliyewahi kuwaeleza sababu.

Si kwamba mambo yametulia. Mzee wa kanisa aliyenijia bado anaona nimekosea, na katika kikao cha baraza alisema hivyo wazi, jambo ninalomheshimu. Wapo wanaoogopa kwamba posa mbili zilizokuwa njiani kati ya koo zile zitavunjika. Moja imeahirishwa, ile nyingine, nasikia, inaendelea.

Akina mama wameniomba daftari kubwa la jalada gumu, kama lile la kuandikia ubatizo. Wanataka mabinti wao waliomaliza sekondari waandike kila simulizi kama lilivyosemwa, kwa Kiswahili na kwa Kindali, na daftari litunzwe ndani ya sanduku la hisa, chini ya kufuli zile tatu. Nimelinunua Tunduma. Limeanza kuandikwa, na ukurasa wa kwanza una jina la yule bibi.