Cook: Msomi aliyenyimwa ajira ya kudumu, akaacha swali la Dola milioni 1

IDARA ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, ilimnyima ajira ya kudumu mhadhiri wake, Stephen Cook, ambaye mwaka 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada.

Mwaka mmoja baadaye, msomi huyo aliwasilisha makala iliyobadili mwelekeo wa sayansi ya kompyuta duniani.

Cook alizaliwa Desemba 14, 1939 mjini Buffalo, New York. Alihitimu shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1961, kisha akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1966, akisimamiwa na mtaalamu wa mantiki, Hao Wang.

Makala yake ya Mei 1971, iliyowasilishwa katika mkutano wa wataalamu jimboni Ohio, iligusa tofauti kati ya kutafuta jibu na kuhakiki jibu lililokwisha kupatikana.

Mfano ni ratiba ya shule. Kukagua kama kuna mwalimu aliyepangiwa madarasa mawili katika kipindi kimoja ni kazi nyepesi, lakini kuipanga ratiba isiyo na mgongano kunaweza kumkosesha usingizi mwalimu wa taaluma.

Cook alichukua tatizo moja la mantiki: fomula yenye kauli nyingi, kila moja ikiwa ama kweli au uongo, na swali ni iwapo upo mpangilio unaoifanya fomula nzima kuwa kweli. Kauli zikiwa 100, idadi ya mipangilio ina tarakimu 31.

Alithibitisha kuwa kila tatizo ambalo jibu lake huhakikiwa haraka linaweza kugeuzwa kuwa hilo. Hivyo, atakayepata njia ya haraka ya kulitatua hilo moja atakuwa ameyatatua yote.

Mwaka 1972, Richard Karp wa Berkeley aliorodhesha matatizo 21 yenye sifa hiyo. Leonid Levin wa Umoja wa Kisovieti, aliyefanya kazi peke yake, alichapisha matokeo yanayofanana mwaka 1973.

Cook alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1982. Karp baadaye alikiri kuwa kushindwa kuishawishi idara hiyo imbakize Cook ni aibu isiyofutika.

Mwaka 2000, Taasisi ya Hisabati ya Clay iliahidi Dola milioni 1 za Marekani kwa atakayethibitisha iwapo kila jibu linalohakikiwa haraka linaweza pia kupatikana haraka. Wataalamu wengi wanaamini haliwezekani, lakini mpaka leo fedha hizo hazijapata mwenyewe.