Gurudumu Linaposerereka: Asili ya Istilahi za Breki za Tela

Katika kisiwa cha Bumbire, kilichomo ndani ya Ziwa Viktoria upande wa Muleba, vyombo vya safari ni mtumbwi na boti, navyo havina breki. Nahodha akikaribia pwani huzima mashine na kukiacha chombo kiserereke hadi mchangani. Samaki wa huko hufunikwa barafu na kuvushwa bara, ambako hupokelewa na malori; saruji, mafuta na bati za kisiwani hufika bara kwa njia hiyo hiyo kabla ya kupakiwa botini. Kwa hiyo mvuvi wa Bumbire, hata kama hajapata kushika usukani, riziki yake hupita juu ya magurudumu ya watu wengine, na lugha ya breki yamhusu.

Neno lenyewe breki tulilipata kutoka Kiingereza, pamoja na gia, klachi na spana. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha maneno hayo, yalipitishwa gereji. Tela nalo lilienea zaidi baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, mizigo ya Zambia ilipolazimika kupitia Dar es Salaam, na malori ya Fiat yenye matela yakaanza kusafiri katika barabara ya kusini-magharibi tangu 1966. Madereva na matanboi ndio waliotupatia pia istilahi njema ya breki za upepo. Mtaalamu wa fizikia angedai hewa iliyoshindiliwa, na angekuwa na haki yake. Lakini upepo umeshinda, na sioni sababu ya kuufukuza.

Mambo yakaharibika ulipokuja mtambo wa herufi tatu, ABS. Asili yake ni ndege: kampuni ya Dunlop ya Uingereza iliunda mtambo wa namna hiyo kwa magurudumu ya ndege katika miaka ya 1950. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuleta katika motokaa za Mercedes-Benz, na 1981 ukafungwa katika malori ya breki za upepo. Nchi za Ulaya ziliulazimisha kwa malori mazito na matela mapya tangu 1991. Marekani ikaulazimisha kwa matela yaliyoundwa tangu Machi 1998. Afrika Mashariki hununua kwa wingi vyombo vilivyokwisha kutumika ng'ambo, na kwa hiyo mtambo ulitufikia ukiwa umefungwa tayari chini ya tela, bila jina la Kiswahili.

Hapo ndipo mfasiri anapoponzwa. Jina la Kiingereza lina neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni kufunga kwa kufuli. Akilitafsiri sawasawa na lilivyo atapata “breki zisizofunga”. Lakini kwetu dereva akiona ng'ombe barabarani hufunga breki! Breki isiyofunga ni breki mbovu, na mwenye kusoma maneno hayo kwenye kibandiko cha tela ana haki ya kukataa kuliendesha. Kijerumani, ambacho ndicho chanzo cha herufi hizo tatu, hakimtegi mtu hivyo, kwani chenyewe husema juu ya gurudumu kuzuiliwa lisizunguke.

Wengine wamependekeza kukwama. Mtu wa Kagera atakwambia kwamba gari hukwama matopeni wakati wa masika, nalo likikwama halisogei. Ilhali hatari tunayoisema ni gurudumu kuacha kuzunguka huku gari likiendelea kwenda. Gurudumu la namna hiyo halibingiriki tena, bali huserereka, kama mtumbwi unavyoserereka mchangani Bumbire. Magurudumu ya tela yakiserereka, mkia wa tela huweza kwenda upande na kulipita lori linalolikokota. Napendekeza basi breki za kuzuia mserereko, jina linalotaja jambo lenyewe.

Istilahi za sehemu zake zina mitego yake. Katika kila gurudumu linalochunguzwa mna pete yenye meno, aghalabu 100, na kando yake kifaa kinachohesabu meno yakipita. Wapo wanaokiita sensa. Lakini sensa ni hesabu ya watu, tuliyoifanya 1967, 1978 na miaka mingine hadi 2022, na hatuwezi kumwagiza fundi asafishe sensa ya gurudumu la kushoto. Kihisi chatosha. Vivyo hivyo tarakimu za hitilafu zisiitwe kodi, maana kodi hulipwa. Neno msimbo lipo. Moduli nayo walimu wameshaichukua kwa mafunzo yao, basi kisanduku kinachopokea habari za vihisi na kuamrisha vali za upepo kiitwe kidhibiti.

Kidhibiti hicho hakina budi kuelezwa kimefungwa katika tela gani. Waundaji huandika 2S/1M, yaani vihisi viwili na vali moja, au 4S/2M, yaani vinne kwa viwili. Huelezwa pia ukubwa wa matairi na idadi ya meno ya pete, kwa sababu tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi katika mwendo ule ule. Ekseli moja ikivishwa matairi madogo pasipo kidhibiti kuarifiwa, kitadhani magurudumu mengine yanaserereka. Kazi hiyo ya kukieleza kidhibiti hali ya tela ni kukisanidi, neno ambalo watu wa kompyuta wamekwisha kulizoea.

Kuhusu kutafuta ubovu, nimeona miswada inayosema “uchunguzi wa ugonjwa wa tela”, tafsiri inayofaa hospitali. Utambuzi wa hitilafu watosha. Taa ya onyo huwaka umeme unapofunguliwa, kisha huzimika; ikibaki inawaka baada ya gari kushika mwendo, ipo hitilafu. Katika vidhibiti vingi fundi huweza kuiamuru taa imweke kwa mafungu, naye huhesabu mimweko na kusoma msimbo. Msimbo ukitaja kihisi, asikimbilie kununua kingine. Akisukume kwa mkono hadi kiguse pete, kisha alizungushe gurudumu nusu mzunguko kwa sekunde na kupima umeme wake: ukipungua volti 0.2, nafasi imepanuka, au waya umekatika, au pete imejaa matope. Na nafasi ikirudi kupanuka baada ya safari moja, atazame beringi za gurudumu, kwani beringi iliyolegea hukisukuma kihisi mbali na meno. Kitabu kikiwa kimeandika sensa na kodi, fundi wa Muleba atayajuaje hayo?