Nguo za Dukani na Hadhi ya Mnunuzi

Mtaa wa Kahawa Sukari, ulioko kandokando ya barabara kuu ya Thika, umejengwa katika nchi ile ya Kiambu ambamo zamani za ukoloni Mwafrika aliruhusiwa kuichuma kahawa ya mlowezi, ilhali kwa miaka mingi alizuiwa kuipanda yake mwenyewe. Na jirani yake, Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilianza mwaka 1965 katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Kiingereza. Leo msafiri ashukaye kwenye matatu hapo hulakiwa na vibanda vya nguo, na mbele ya vibanda yametundikwa kwa waya masanamu ya plastiki, mengine yamekatwa kiunoni, ngozi yake ya waridi imechujuka kwa jua na nywele zake za manjano zimechorwa kichwani, nayo yamevishwa magauni ya kitenge ambayo hapana mtu wa sura ile atakayekuja kuyanunua. Wapitao hawalitazami mara mbili jambo hili, walakini mimi naliona kuwa lina tarikhi ndefu.

Katika pwani yetu nguo ilikuwa hati ya hadhi ya mtu kabla hajafungua kinywa. Mtumwa wa Unguja alijulikana kwa kaniki na merikani duni, na baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya utumwa kisheria, wanawake waliokombolewa waliitupa kaniki wakajitanda kanga, ili jicho la jirani lisipate tena pa kushika daraja yao ya kale. Bara nako, katika nyumba za Wazungu, mtumishi alivishwa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, akaitwa boi hata kama ana wajukuu.

Lakini wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuwa mateka wa wauzaji. Tangu mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Sultani Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa mji wa Salem wa huko Marekani walioleta kitambaa cha merikani Unguja walilazimika kuwauliza mawakala wao ni nguo gani inapendwa, kwa kuwa kitambaa kilichokosa upana au uzito uliozoeleka kilikataliwa huko bara, na mwenye msafara akapata hasara. Kanga zilikuwa na hukumu kali zaidi: wanawake wa mjini walipolichoka pambo, shehena nzima kutoka Ulaya ilibaki ghalani. Kwa hiyo asemaye kwamba ghadhabu ya wanunuzi weusi ni mtindo ulioletwa juzi na simu za mkononi hajaisoma biashara ya pwani.

Ghadhabu hiyo iliwaka tena mnamo Januari 2018. Kampuni ya H&M ya Sweden, ambayo watu wa Kahawa Sukari huijua kwa lebo zake ndani ya mitumba, iliweka katika duka lake la mtandaoni la Uingereza picha ya mtoto mweusi aliyevaa sweta ya kijani yenye maandishi ya kumsifu mvaaji kuwa tumbili bora kuliko wote wa mwituni, huku sweta nyingine ya mkusanyo huohuo, iliyovaliwa na mtoto mweupe, ikimtaja kuwa bingwa wa kuokoka mwituni. Mwanamuziki The Weeknd alikata uhusiano na kampuni, wafuasi wa chama cha EFF wakayavamia maduka yake Afrika Kusini, na kampuni ikaomba radhi na kuiondoa sweta ile.

Mtoto yule alikuwa wa damu yetu, mwana wa mama Mkenya aliyeishi Stockholm, na mama huyo alitamka hadharani kwamba yeye haoni tusi. Alipomiminiwa matukano hata familia ikalazimika kuhama nyumba kwa ajili ya usalama, tulitenda dhulma, maana mzazi ana haki ya kusoma picha ya mwanawe kwa jicho lake. Hata hivyo rai yake haikuiondolea kampuni dhima, kwa sababu nguo iliyotundikwa dukani haiwi tena ya familia moja. Huitazama kila apitaye, pamoja na yule ambaye babu yake alifananishwa na mnyama kwa kusudi.

Na kusudi hilo lilikuwa halisi. Mwezi Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, Ota Benga wa Kongo alionyeshwa kwa umati ndani ya jumba la sokwe, mpaka wachungaji weusi wa makanisa ya mji huo walipopinga fedheha ile akatolewa. Naye akajiua mwaka 1916. Katika mji huohuo, Desemba 2018, dirisha la duka la kampuni ya mavazi ya Prada mtaani Soho lilipambwa kwa vikaragosi vyenye umbo la tumbili, vyeusi, vyenye midomo mikubwa myekundu. Wakili mmoja mwanamke mweusi alipoviona alivitangaza, kampuni ikaviondoa, na mwaka 2020 ikafikia makubaliano na tume ya haki za binadamu ya mji, yenye sharti la kuwafunza usawa wa rangi wafanyakazi wake wa New York na wakuu wake wa Milano.

Sisi nasi hatukosi chombo cha kujitetea. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hukataza kumbagua mtu kwa rangi, na hutaja hata mavazi, tena hailifungi katazo hilo kwa serikali peke yake bali hulitia shingoni mwa kila mtu, mwenye duka akiwamo. Wauzaji wa barabara ya Thika, ambao kila alfajiri huchambua marobota ya mitumba na kutenga kamera, yaani nguo bora, na fagia, yaani zilizo duni, kwa ustadi wa kustaajabisha, wangeweza vilevile kuwaagiza waletao masanamu wawaletee yenye rangi na maungo ya wateja wao.