Maziwa Mazito na Mtoto Anayecheua

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, mtoto wa Marekani aliyecheua sana alitiliwa unga wa mchele katika chupa yake ya maziwa ya kopo. Hoja ilionekana haina mjadala: kizito hakipandi kirahisi. Mwaka 1987 mtafiti Susan Orenstein na wenzake waliipima. Waliopewa maziwa mazito walipunguza kutapika na kulia, lakini picha zilionyesha kuwa maziwa yaliendelea kupanda kwenye umio. Kilichopungua ni kufika kwake mdomoni. Naona basi kwamba tiba hii ilidumu kwa sababu ilitibu kinachoonekana na mzazi, yaani nguo iliyoloa.

Atakayesema nguo kavu na usingizi wa mama si mambo madogo ana haki. Tathmini ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2017 nayo ilikuta kucheua kunapungua, kwa karibu vipindi viwili kwa siku, kwa watoto wa chupa. Ila faida hiyo ina gharama. Mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kuwapa watoto njiti bidhaa moja ya kuyafanya maziwa mazito, baada ya taarifa za ugonjwa hatari wa utumbo; baadaye hofu ya arseniki katika mchele iliwasogeza madaktari kwenye unga wa oti (oats). Tena kucheua hushamiri miezi ya mwanzo, kisha kwa watoto wengi hukoma chenyewe kabla ya mwaka, hivyo tiba yoyote iliyoanzwa mtoto akiwa na miezi minne ingeweza kusifiwa kwa kazi ya umri.